Vidole Viwili

Mimi ndiye wa mlangoni, pale kwenye Gari la Mbao,
mwenye fulana ya njano na fimbo ya kupimia.
Jina langu Jurandir. Limeshonwa hapa kifuani,
ila wengi hamlisomi.
Mmeniita "wewe", mmeniita "kaka", mmeniita kwa mluzi.
Kote nimeitika.

Julai hii, likizo ya shule,
baridi ya milima ya Santa Catarina imewavika watu sweta mbilimbili
na foleni imejikunja mara saba katikati ya vyuma
kama utumbo kwenye karai.
Dakika mia na kumi, kibao kinasema.
Kibao kina adabu zake: hupunguza.

Watu nimewajua kwa migongo.
Yuko anayesimama peke yake, mpole, mikono mifukoni,
kumbe anawashikia nafasi mjomba, shangazi na mabinamu wa Curitiba,
wanaokuja dakika ya tisini, mahindi ya kuchemsha mkononi,
"samahani, samahani, tuko pamoja,"
samahani yenye kiwiko ndani.
Yuko anayetupa gunzi kando ya pipa,
kando kabisa, hatua moja,
kama aliyechoka ghafla kuwa mtu mzima.

Sisemi kitu. Kazi yangu kufunga vyuma vya mapajani,
kusema "shikilieni",
kusubiri mayowe.

Ndipo akaja Bi Zulmira wa Lages na mjukuu wake Caíque,
wametoka kwao alfajiri, basi mbili.
Mtoto kavaa viatu vilivyomzidi,
na ndani, chini ya visigino, soksi zilizokunjwa.
Nimeziona. Huziona kila mwaka.
Hata hivyo: vidole viwili chini ya alama.
Akaitazama fimbo
kama vile fimbo inaweza kubadili mawazo.

Chuma hakina huruma, nami sikuruhusiwa kumkopesha yangu.
Nikachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.
"Mwakani," nikamwambia, "fimbo hii itabaki hapa hapa.
Wewe ndiye utakayekua."
Gari likasimama tupu, milango wazi.
Nyuma yangu watu mia tatu.
Nikangoja mluzi.

Haukuja.
Mwanamke wa koti jekundu akawavuta wanawe pembeni.
Aliyefuata akainua mnyororo.
Wale wa mahindi, ndio hao hao, wakabana matumbo kwenye vyuma,
na njia ikafunguka kinyumenyume,
mkunjo baada ya mkunjo,
kwa mtu asiyekwenda mbele.
"Naomba njia," bibi akasema kila kona.
"Pita, mama." "Pita."
Mara saba aliomba, mara saba akaitikiwa,
na hakuna aliyemsemesha mtoto, wala kumpapasa kichwa.
Wote walitazama viatu vyao wenyewe.
Hiyo nayo ni adabu: kujua pa kutotazama.

Kisha foleni ikajifunga, ikawa foleni.
Kijana mmoja akaruka mnyororo kabla ya saa kumi,
na mwingine akanitukana kwa ajili ya mvua.

Jioni tunajaza daftari la vilivyookotwa:
kofia kumi na nne, miwani, jino moja la utotoni,
soksi mbili zilizokunjwa, juu ya benchi la mwisho.
Sikuandika neno moja lililodondoka langoni
bibi alipogeuka, akakaza macho kifuani pangu,
akasoma polepole, herufi kwa herufi,
kisha akasema:
"Asante, Jurandir."