Breki ya Nzioka

Kamusi yangu kuukuu, jalada limeng'oka,
inasema neno hili, skid, kwanza halikuwa tendo.
Lilikuwa kipande cha mti,
huenda kilitoka kwa watu wa theluji, kaskazini,
kikatiwa chini ya gurudumu la gari la farasi
lisikimbie mteremkoni.

Nikasoma tena. Mti wa kuzuia?

Basi gurudumu likafungwa, likakataa kuzunguka,
likaburutwa vivyo hivyo, limekaza,
na kule kuburutwa kukarithi jina la mti.
Kisha matope, kisha lami,
na jina nalo likaserereka
hata breki ikawa ndiyo ajali.

Jumanne alfajiri Nzioka aliteremka Ngara na mkokoteni,
kabichi magunia tisa, manyunyu.
Nyuma huning'iniza tairi bovu;
hulikandamiza kwa uzito wake wote, mpira ukanuka.
Siku hiyo lami ilikuwa na mafuta ya mtu.
Tairi lilishika.
Mkokoteni haukujali.

Nilimsaidia kuokota. Kabichi moja
ilivuka barabara peke yake, kwa adabu,
ikasimama mlangoni pa benki.

Nikamwuliza: mnaiitaje, ile?
"Ipi?"
Ile ya kwenda bila kutaka.
Akaifuta kabichi kwa shati, akaigeuza upande mzima.
"Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Hawakuwa na mzigo wa Bi Wairimu."

Usiku, pembeni mwa ukurasa, kwa penseli:
*tazama pia tairi.*