Sekunde Kumi

Simu nimeiegemeza kwenye tofali,
nimeikaza kwa ndala yangu ya kushoto,
nimebonyeza, nimekimbia:
kumi, tisa, nane,
mtandio umenirukia usoni,
saba, kuna mtu na mbio zake za asubuhi,
na hesabu ikaniishia njiani.
Picha ya kwanza: mgongo wenye fulana ya kijani,
na pembeni yake kiwiko changu.

Nimetoka Sumbawanga kwa semina ya wakunga,
siku tatu, zimeisha kwa cheti na soda.
Leo ni yangu. Basi ni kesho alfajiri.
Mama alisema,
Usirudi na maneno. Maneno hata redio inayo.

Mama ana picha moja ya Dar es Salaam.
Alipigiwa Sumbawanga,
studio ya fundi Sichalwe, nyuma ya soko,
mwaka wa kwanza wa ndoa,
mbele ya pazia lililochorwa maghorofa,
minazi miwili, ndege,
na bahari ya rangi ya wino.
Hajawahi kufika.
Ila katika picha ile amefika kuliko mimi:
kidevu juu, mkoba wa kuazima kwapani,
anamtazama fundi kama konda aliyekula chenji yake.

Jana nilijaribu pale Sanamu ya Askari.
Saa saba, jua la utosini.
Macho yakawa mashimo,
pua ikaniotesha masharubu ya kivuli.
Yule wa shaba, bunduki mbele, hakupepesa.
Kasimama hivyo tangu bibi yangu hajazaliwa;
wote wanampiga picha,
hakuna aliyewahi kumtumia hata moja.

Mpokezi wa gesti, Kariakoo, akanihurumia:
Dada, picha ni asubuhi, jua likiwa bado na adabu.
Nenda Daraja la Tanzanite saa kumi na mbili na nusu.
Futa kioo kwa khanga,
hayo mafuta ya shavu ndiyo ukungu wako.
Na usiinue simu juu
kama mtu anayetafuta mtandao.

Basi nipo. Nimefuta. Sijainua.
Ya tisa, nimefumba macho.
Ya kumi na nne, daraja limeinama
kama linataka kumwaga magari baharini.

Mwanamke wa ufagio, koti la rangi ya chungwa,
Sikudhani limeandikwa kifuani kwa kalamu,
alinitazama nikikimbia mara ya kumi na tano,
akaulaza ufagio.
"Lete."
Simu ni ya mkopo, imebaki miezi saba.
Nimeonywa na kila mtu, hadi na dereva:
mjini usimpe mtu simu.
Nikampa.

Hakuhesabu. Hakusema nitabasamu;
alisema, "Hilo tabasamu la mdaiwa liweke kando."
Kisha akausoma mkoba wangu wa semina.
"Mkunga? Umezalisha wangapi?"

Nikaanza kuwahesabu.
Mapacha wa Januari.
Yule wa Laela, mama yake alikuja na tela la trekta.
Yule aliyetanguliza miguu,
akatoka kimya, kimya, kimya,
halafu akapiga chafya
na wodi nzima ikasema Amina.
Uso wangu sikujua uko wapi.
Nilisikia tu, "Chukua. Moja inatosha,"
na ufagio umerudi kazini.

Usiku mama akapiga.
Alipumua kwanza kwenye simu, muda mrefu,
vocha yake ikiteketea.
"Bahari ndiyo rangi hiyo?"
Ndiyo, mama. Kijivu kijivu.
"Nilijua. Sichalwe alizidisha wino."
Akanyamaza tena.
"Umefanana na mimi, ila mkoba wako mbaya."
Ni wa semina, mama.
"Na mbona mguu mmoja peku?"