Tundu Moja Juu ya Tela

Fundi Kapufi wa Gongoni alizipanga tatu juu ya kaunta,
akazifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe,
akasema: Mzee Mihayo, hapa ni wewe na mfuko wako.

Ya kwanza ile ya mifupa ya samaki.
Ina mbavu kumi na moja. Nilizihesabu.
Hii inavuta mbali, akasema, ila lazima uielekeze,
haipendi kubahatisha.
Nikamuuliza, tukiwa Ipole itazame wapi?
Akanyoosha kidole kwenye duka la magodoro ng'ambo ya barabara.
Na tukihama tena, tukafuata maua ya mitundu?
Kidole kikayumba, kikarudi mfukoni.

Ya pili ya duara, kama kifuniko cha sufuria ya pilau.
Inasikiliza pande zote, haichagui.
Ninaye shemeji wa namna hiyo:
anasikiliza kila mtu, na hakuna anachokisikia.
Tena inataka kikuza mawimbi, na kikuza mawimbi kinakula betri,
na betri yetu ni moja, ndiyo ya taa, ndiyo ya simu,
ndiyo inayozungusha mashine ya kukamulia asali.

Ya tatu dishi. Nyanzobe hakutaka hata kulishika.
Bati letu jembamba, akasema,
upepo wa Agosti utaling'oa pamoja na sisi.
Na miyombo ya njia ya Sikonge ilivyoinama,
bomba la moshi tulishaliacha huko, likining'inia tawini.

Tela lenyewe, niseme tu, lilikuwa la wapima barabara.
Tumelipaka kijani mara mbili
na namba yao bado inachungulia ubavuni.
Kitanda, jiko, ndoo ishirini,
na televisheni ya inchi kumi na tisa aliyotuletea Kabula
ili, alisema, msije mkasahau watu.

Hatujasahau watu.

Mimi picha sikuiuliza. Niliuliza tundu.
Maana zote tatu zinataka tundu kwenye bati, waya upite,
na chini ya bati lile nimelala masika manne
bila tone.
Kapufi akasema kuna gundi.
Nikamwambia, gundi naijua, nimekaa na nyuki miaka thelathini;
wao wenyewe huziba, na mwakani hurudi kuziba palepale.

Tukachukua mifupa ya samaki.
Elfu thelathini na tano,
na kipande cha bomba la maji bure, kwa kuwa Nyanzobe alikohoa.
Tundu nilitoboa mwenyewe. Nikalivisha mpira wa baiskeli,
kisha nta, kisha gundi ya Kapufi, kwa mpangilio huo.

Ipole, jioni ya kwanza. Mimi juu, yeye ndani.
Bado!
Bado.
Rudisha kidogo. Umepita!
Zamani kulikuwa na chenga, ukajua unakaribia;
siku hizi ipo au haipo,
kioo cha buluu kinakutazama kama mdai.
Nikazungusha bomba kama anayesonga ugali wa msibani.
Hapo! Hapohapo! Usipumue!

Nilishuka bila kupumua.
Taarifa ya habari. Msomaji alikuwa anasema, Na huko mkoani Tabora—
akaganda hapo, mdomo wazi,
shavu moja limekatika miraba miraba.
Tukangoja. Mzinga wa karibu ulikuwa unanguruma.
Na huko mkoani Tabora, Nyanzobe akamalizia,
rimoti mdomoni kama kipaza sauti,
mzee mmoja amesahau viatu vyake juu ya bati.

Nikatoka kuvifuata.
Nilipokanyaga bati tu, picha ikarudi;
nikaisikia ikisema mambo ya hali ya hewa.
Mvua, Alhamisi.
Nikapiga goti gizani, nikaitafuta ile nta,
nikaibonyeza tena kwa kidole gumba.