Mteremko

Fundi Shemdoe alichukua malipo ya awali
akaenda kuzika Handeni.
Miezi miwili sasa. Maiti yule, ulisema,
lazima ana urefu wa reli.

Basi Jumamosi ukavaa kaptura yako ya bandarini,
ukaazima tindo kwa Mbaruku wa barabara ya kumi na tatu,
nami nikajifunga khanga iliyoandikwa
NILICHO NACHO CHANITOSHA,
nikashika nyundo.

Lipu haikungoja kupigwa. Ilishuka yenyewe.
Hapa Ngamiani chumvi hula nyumba kwa adabu, kama mgeni:
kwanza humega rangi, kisha lipu,
kisha huomba tofali.
Tuliambiwa tusipoziba ufa tutajenga ukuta.
Ufa tuliuziba mara nne
na ukuta tunaujenga vilevile.

Chini ya sakafu ya baba yako palikuwa na sakafu nyingine,
nyekundu, na ndani yake unyayo wa mtoto,
kidole gumba kimepinda kuelekea nje.
Ulivua ndara. Ukaweka mguu wako kando yake,
hukusema kitu.
Nikasema tuuache.
Ukasema maji yatasimama humo.
Lakini ulipiga tindo pembeni, polepole, ukazunguka,
ukazunguka tena,
mpaka ukapasuka katikati
na vipande tukavitia kwenye karai pamoja na vingine.

Kwenye mteremko ndipo tulipogombana.
"Pima maji inasema sawasawa," ulisema.
Nikamwaga kata moja.
Maji yakaenda mlangoni.
Ukanuna hadi adhana ya alasiri.
Niliporudi kutoka jikoni nilikukuta umeshang'oa safu tatu,
umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
unazisugua marumaru migongo kwa brashi ya nguo,
mojamoja,
kama mtu anayeogesha watoto wa shule.

Halafu kile choo cha kukaa.
Kilikuja juu ya guta, kimevikwa nailoni,
mtaa mzima ukatoka kukipokea kama bibi harusi.
Mama Zuhura ulimwambia ni kwa ajili ya wageni wa Dar.
Mimi nilimwambia ni kwa ajili yako, magoti.
Usiku nikakusikia kwenye simu, kwa sauti ya chini,
"Ni kwa ajili ya Mwanaisha. Kuchuchumaa hawezi tena."
Nilitaka kutoka nikukanushe.
Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimeshika ukuta mara mbili
ndipo nikainuka.

Wiki tatu tumeoga uani, gizani,
nyuma ya shuka tuliyoitundika kwenye mpera,
wewe unamimina, mimi najisugua, kisha zamu yangu kumimina.
Mgongo wako una madoa siku hizi, nimeyahesabu.
Mara ya mwisho kumiminiana hivyo
tulikuwa tumepanga chumba Makorora
na ndoo ilikuwa moja.
Sabuni ikakuponyoka, tukaipapasa kwenye majani
tukicheka kwa kuziba midomo
majirani wasije wakadhani mambo.

Marumaru zilipungua mbili.
Dukani wakasema rangi ile haiji tena,
kwa hiyo nyuma ya mlango kuna mbili za buluu.
Ukifunga mlango zinakutazama.

Maji sasa yanakwenda kwenye tundu. Hayana haraka,
lakini yanakwenda,
isipokuwa kidimbwi kimoja pembeni, upana wa kisahani,
ambacho hukisukuma kwa mguu kila alfajiri.
Nikiwa bado kitandani nausikia mguu wako,
fya, fya,
na wewe unajua ninausikia.

Leo Shemdoe amepiga simu. Amerudi, anauliza aje lini.
Umeziba simu kwa kiganja chenye saruji kucha zote,
ukanitazama.

Mwambie aje, nikasema.
Aje na pesa zetu.
Na taulo.