Ufunguo wa Pili

Sanduku la kikoba chetu, hapa Isyonje, lina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza uko kwa Subilaga,
wa tatu kwa bibi Anyelwisye,
wa pili kwangu, kwenye pindo la kanga.
Alhamisi moja Ipyana akaja na simu iliyopasuka kioo:
“Mama zangu, sanduku hili limepitwa.
Kuna sarafu isiyo na benki wala bwana mkubwa,
mlango wake ni maneno kumi na mawili tu.”

Tukacheka. Halafu tukanyamaza,
maana bwana mkubwa tunamjua.
Tunaijua lumbesa: gunia limevishwa kilemba,
debe la saba halihesabiwi,
mnunuzi anatazama pembeni.
Baba yangu aliuza pareto kwa stakabadhi;
chama kilipokufa, karatasi zile
tukazibia dirisha, upepo wa Juni usiingie.
Pesa isiyoshikika si ngeni kwetu.
Ngeni ilikuwa pesa isiyo na mtu wa kumlaumu.

Tukaweka milioni mbili na laki nne, za viazi.
Maneno yalikuwa ya Kizungu. Tukagawana manne manne,
tukayakariri kwa sauti bila maana,
karatasi tukaitia jikoni.
Ipyana mwenyewe aligeuka asione.

Nisiseme uongo: sarafu hizi zimetufaa.
Usiku ule Bupe, mtoto kakaa vibaya tumboni,
dada yake yuko Maskati kwenye nyumba za watu,
benki zimefungwa, wakala kalala,
pesa ikaingia kabla gari halijafika Uyole.
Kijana wa Mwanjelwa akaibadili kuwa noti,
akakata chake, tena kinono.
Lakini mtoto yupo. Anaitwa Lusajo. Ana meno sita.

Nisiseme uongo tena: mwanangu Gwakisa
aliuza ng'ombe wawili, akanunua sarafu nyingine,
yenye picha ya mbwa, aliyoletewa na mwenzake wa kwaya.
Ikapanda siku tisa.
Ya kumi mbwa akabweka, akaenda zake.
Zizini sasa tunaanika kuni.

Mwezi wa pili simu ya Ipyana ikaibwa.
“Si neno,” akasema, “maneno yapo.”
Tukasema tukimaliza kupalilia tutakaa, tutaunganisha.
Mwezi wa tatu, mvua haijakata,
kiharusi kikamfunga Anyelwisye ulimi.
Tulikaa kitandani kwake, mimi na Subilaga,
tukiona haya kumuuliza mgonjwa habari za pesa.
Akatuona. Akajaribu.
Kalamu hakuwahi kufundishwa kuishika.
Akainua vidole vinne, akagusa kifua: yapo humu.
Tukamzika Jumamosi.

Na pesa ipo. Kila Alhamisi Ipyana hutuonyesha
kwenye simu ya kuazima: tarakimu zinapanda, zinashuka,
milioni tano juzi. Haijaibwa. Haijatumika.
Ipo kama Mlima Rungwe ukungu ukishuka:
kidole kinajua ulipo,
mguu haujui pa kukanyaga.

Subilaga ananikumbusha: kufuli ya marehemu, ile ya sandukuni,
fundi Mwakyusa aliikata kwa msumeno, dakika mbili.
Kweli.
Na mwaka juzi mwizi naye aliikata vivyo hivyo,
dakika mbili.
Hapo ndipo kichwa changu hukwama.

Walikuja watu wa semina kutoka mjini.
Wanaosema ina faida wanyooshe mkono.
Wanaosema ina hasara wanyooshe mkono.
Mikono yangu ilikuwa na viazi.

Manne yangu bado ninayo. Nayasema nikimenya,
nayasema nikipanda mteremko, nisije nikayaacha njiani,
ingawa peke yake hayafungui hata kopo.
Jana nimemkuta mjukuu wangu uani
anaruka kamba kwa maneno yale yale, kwa mpangilio,
kwa sauti, majirani wote wanasikia:
moja, pili, tatu, nne,
na kamba ikigonga udongo
pale ambapo la tano lingeanza.