Ushuru

Tulimwita Ushuru kwa sababu alijilipa mwenyewe.
Kila gunia la omena lililoshushwa mlangoni
alilikagua kwa pua, akakata kiganja kimoja,
na risiti yake ilikuwa mkia uliosimama wima.
Kibuye nzima ilimjua. Hata Opija wa mkokoteni,
asiyemsalimu mtu kabla ya saa nne,
alimpigia saluti.

Jumatatu hakukagua.
Nilimwagia omena za Uyoma, zile zinazong'aa,
akazitazama kama barua ya lugha asiyoijua.
Akaenda kuketi kando ya karai,
kidevu ukingoni, asinywe.
Alikuwa akiyalinda maji tu.

Jumanne akatapika povu la njano.
Apondi akamfunga ndani ya leso yangu.
"Mama, shika hapa, anatetemeka."
Nikasema paka ana roho saba.
Nikasema atalala, ataamka.
Nilisema mengi siku hiyo.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki kutoka Mamboleo,
Mukhwana, kijana mpole, vidole virefu.
Kabla ya kuingia alichovya buti zake kwenye ndoo ya dawa,
na kabla ya kutoka akazichovya tena.
Nilidhani ni madaha ya wasomi.
Akauliza, kuna paka mwingine mgonjwa hapa karibu?

Nikakumbuka.
Wiki iliyotangulia, kwa Min Nyasuna:
paka wachanga watatu ndani ya katoni, wamelegea,
nami nikapiga goti, nikawapapasa, nikawapa pole,
kisha nikarudi nyumbani
na pole yangu imenata kwenye soli za malapa.

"Huu hupanda viatu," akasema,
akiandika, bila kuniangalia.
Namshukuru kwa kutoniangalia.

Alhamisi, kabla ya mwenye maziwa kupiga kengele,
Ushuru alinyoosha mguu mmoja,
ule wa kushoto, wenye soksi nyeupe,
akauacha hapo.

Tulimzika nyuma ya choo, kina cha mkono mzima, na chokaa juu.
Jirani akachungulia: "Mnalilia nini?"
Apondi akamwambia.
"Ah. Paka tu."
Sijawahi kujua neno fupi kama hilo
lenye uzito wa kufunika kaburi.

Kisha kazi. Jiki sakafuni, jiki ukutani,
jiki mpaka macho yakapata kisingizio.
Katoni lake likachomwa. Leso nayo.
Ilikuwa imeandikwa NILICHOPEWA SIRUDISHI,
moto ukaanza kulila neno la mwisho,
na kwa muda mfupi, kabla halijageuka jivu,
likabaki lile la kwanza peke yake.

Malapa niliyaloweka siku tatu.
Yaliingia ya buluu, yakatoka hayana rangi.
Nayavaa bado. Yananifaa.

Panya wamerudi. Saa nane za usiku
wanatembea juu ya dari kama wenye nyumba,
nami nalala chali nikiwahesabu,
kwa maana Mukhwana alisema mwaka mzima,
usilete mwingine kabla ya mwaka,
huu hukaa kwenye nyufa, unasubiri.

Na jana, langoni, kakaja kapaka ka kijivu,
mifupa na sauti.
Kakaingiza kichwa chini ya mabati.
Kalikuwa na harufu ya omena puani, kalikuwa kamefika.

Shii! nikapiga kelele. Toka! Toka hapa!
Nikakatupia kijiti. Apondi akaniangalia
kama ambaye hajawahi kuniona.
Kakakimbia mpaka ng'ambo ya barabara,
kakageuka, kakaketi.

Nikajaza kiganja, cha ushuru kamili,
nikavua malapa, nikavuka lami peku,
nikamwaga omena mbali, juu ya jiwe safi,
nikarudi kinyumenyume nikiendelea kukagombeza,
ili kasinipende,
ili kasinifuate.