Mfuko

Miaka ishirini na sita nimekata uzi kwa meno.
Mkasi upo, umening'inia shingoni kwa kamba,
lakini jino liko karibu zaidi,
na hapa Mchikichini wateja hawangoji.

Ile Alhamisi palikuwa na kanzu ya bwana harusi,
nyeupe, haijaguswa na maji.
Nikainama, nikang'ata uzi wa kola.
Nilipoinuka pana nukta nyekundu,
si kubwa kuliko kichwa cha pini.
Nikatazama vidole: vizima.
Nikatazama sindano: safi.
Fundi hutoa damu yake kwa mate yake.
Nikatema. Mate yenyewe yalikuwa mekundu.

Chausiku, wa cherehani ya pili, akasema bila kugeuka,
"Ni mdomoni, shoga. Mbona siku nyingi?"

Siku nyingi. Kumbe walijua.
Mume wangu alijua, aliyehamia upande wa ukutani
akisingizia feni.
Nami nilijua: mswaki ulitoka na rangi ya waridi,
nikapunguza kusugua,
nikidhani kidonda huachwa kipumzike.
Na fizi haikuuma. Ndiyo hila yake.
Jino likioza hupiga kelele usiku kucha;
fizi huondoka kimya,
kama mpangaji anayehama na kodi ya watu.

Kila mtu alikuwa na dawa.
Karafuu. Maji ya chumvi. Mkaa uliosagwa.
Mzee Mkamba, muuza vifungo: "Ng'oa, uweke ya bandia."
Jino la pembe si dawa ya pengo, nikamjibu,
akacheka, na yake ya bandia ikacheza.

Daktari Mbonea, kule Buguruni,
binti wa umri wa mwanangu wa kwanza,
alinilaza chini ya taa,
akaingiza kijiti cha chuma chenye alama za milimita,
akaanza kumsomea msaidizi wake:
tatu, mbili, tatu,
tano,
tatu, sita, sita.
Sauti hiyo naijua. Ni yangu.
Bega kumi na saba, kifua arobaini, andika.
Leo napimwa mimi,
na sijui nashonewa nini.

"Hapa pana mfuko," akasema.

Mfuko! Nimeshona mifuko isiyo na idadi,
ya suruali, ya makoti,
ya siri, ndani ya gauni la mama anayeficha pesa za upatu.
Huu sikuushona.
Umefunguka wenyewe kati ya jino na nyama,
ukoga ukaingia, ukalala,
ukaganda ukawa ugaga,
na chini yake mfupa unaliwa.
"Mswaki haufiki huko, mama. Wala chumvi."
Kisha akauliza kama napima sukari.
Nimeleta kinywa, yeye anauliza damu.
Sikuwahi kupima. Nikapima.
Lakini hilo ni shairi jingine.

Alikwangua siku mbili, upande kwa upande.
Ganzi ikanifanya niongee kama mlevi.
Mlio wake ni wa kijiko ndani ya sufuria lenye ukoko.
Nikatema vipande, vya kahawia, vyeusi,
miaka yangu, kama mchanga.
Jino moja la chini hakuliahidi kitu.
"Tutaliangalia," akasema,
kwa sauti ileile ninayotumia
kitambaa cha mteja kinapopungua.

Na nyama iliyoshuka?
Hairudi yenyewe. Tunashikilia iliyobaki.

Ndipo akanipa uzi.
Nikacheka hadi mate yakanidondoka.
Uzi! Mimi!
"Si wa cherehani," akaonya, kana kwamba amenisoma.
Sasa kila usiku, umeme uwepo usiwepo,
naupitisha taratibu, naukumbatisha shingo ya jino,
napandisha, nashusha.
Wiki ya kwanza ulitoka mwekundu.
Juzi ulitoka mweupe,
nikauweka mezani, nikautazama tu.

Mume bado analala ukutani.
Labda ni feni kweli.

Leo Zainat, mwanafunzi wangu, amemaliza pindo lake la kwanza.
Akainamisha kichwa, akafungua kinywa,
meno ya miaka kumi na tisa, hayajui kitu.
Sikusema neno.
Nilivua mkasi shingoni
nikauweka kati ya mdomo wake na uzi.